Siku Mbili Lushoto: Mtu wa Visiwani Akatazame Nini

Wapo ndugu zetu wa Unguja na Pemba ambao, kipupwe kinapoingia na shule zinapofungwa, huvuka bahari kwenda kuwazuru jamaa zao Bara, na katika safari hiyo hutenga siku mbili au tatu za kupanda milima ya Usambara. Wapo pia watumishi wa Serikali, kutoka pande zote mbili za Muungano, wapelekwao Lushoto kwa semina na mafunzo, kwani ndipo kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Makundi haya mawili hayana safari moja wala mfuko mmoja. Hata hivyo hufanana kwa jambo hili: wote hukaa huko muda mfupi, na wakirejea na kuulizwa walichokiona, jawabu lao aghalabu huwa neno moja tu, nalo ni baridi.

Jawabu hilo halituridhishi. Baridi ipo, wala hatuikanushi, na asiyechukua sweta atajuta usiku wa kwanza. Lakini mtu hasafiri siku nzima, kwa chombo na kwa basi, kwa ajili ya kwenda kutetemeka. Lushoto ni mahali ambapo mtu wa visiwani, akitumia macho na miguu yake, anaweza kuona kwa siku mbili chanzo cha mambo mengi yanayomhusu nyumbani kwake: chakula kilichomo kikapuni mwake, maji yazungushayo mitambo ya umeme, na sehemu ya tarikhi ambayo sisi hapa hatupendi kuizungumza. Na afisa wa Serikali anaweza kuona huko, katika miteremko ya mashamba, matokeo ya amri zilizowahi kutolewa kwa wakulima. Ndiyo maana leo tumeona vyema kuitumia nafasi hii kuzungumzia jambo ambalo wengine wataliona dogo, yaani matembezi.

Kwanza njia. Lushoto ni makao ya wilaya katika Mkoa wa Tanga, juu ya Usambara Magharibi, takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mgeni atokaye Dar es Salaam au Tanga huiacha barabara kuu ya kaskazini pale Mombo, katika joto na vumbi la tambarare, kisha hupanda kilomita 33 hivi kupitia Soni. Njia hiyo imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja jabali na upande wa pili bonde lenye mto chini yake. Kwa muda usiozidi saa mbili mtu hutoka katika nchi ya mkonge akaingia katika nchi ya kabichi. Ni safari ya kutazamwa, si ya kulaliwa usingizi, kwa hiyo twashauri ifanywe mchana. Tena wakati wa masika huporomoka mawe na udongo na kuifunga njia hiyo kwa saa au kwa siku kadhaa. Mgeni mwenye siku mbili tu, ambaye ana chombo cha kuwahi bandarini, asipange safari yake katika miezi ya Machi hadi Mei akatarajia kwamba mlima utamngojea.

Yafaa pia kuhesabu siku kwa uaminifu. Mtu wa Unguja avukaye hadi Dar es Salaam na kupanda basi huimaliza siku yake ya kwanza njiani. Mpemba avukaye moja kwa moja hadi Tanga hupata nafuu, kwa kuwa milima hiyo ni jirani yake zaidi kuliko ilivyo jirani ya mji mkuu wowote. Kwa vyovyote vile, atakayesema ana siku tatu ana siku mbili, na atakayesema ana mbili ana moja. Hivyo hawezi kuona kila kitu, naye asijaribu. Mtae, kijiji kilichoko ukingoni kabisa mwa milima upande wa kaskazini magharibi, ni mahali pazuri mno, lakini ni mbali, na barabara yake haina haraka na mtu. Asiyekuwa na usiku wa kulala huko asiende.

Wageni wengi huanzia Irente, nao hawakosei. Wanapokosea ni namna ya kwenda. Huchukua gari mjini, hupelekwa hadi ukingoni, hupiga picha mbili tatu, hununua soda, wakarudi. Irente ni kilomita tano au sita tu kutoka mjini, na njia yake yapita katikati ya migomba, mahindi na nyumba za watu. Mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, asubuhi kabla ya ukungu wa mchana kuficha nchi ya chini, humpa mgeni mambo ambayo gari haliwezi kumpa: namna nyumba za Wasambaa zilivyoshikilia mlima, namna shamba moja linavyogawanywa baina ya ndugu mpaka likawa vipande vidogo, na namna watoto wa huko wanavyosalimia hata mtu wasiyemjua. Njiani pana shamba la Kanisa la Kilutheri ambako hutengenezwa jibini, jemu na mkate. Mtu akanunue hapo, akale chini ya mti, kisha aendelee.

Akifika ukingoni, ardhi humwisha ghafla mbele ya miguu. Chini yake, mamia ya mita, imetandazwa Mazinde na mashamba yake ya mkonge yaliyopangwa mistari kama mkeka, na mbele zaidi nyika ya Wamasai isiyokuwa na mwisho. Humo tambarare yapita reli ya kutoka Tanga, ambayo Wajerumani waliifikisha Mombo mwaka 1905 kabla ya kuisukuma hadi Moshi. Hapo ndipo mtu hufahamu kwa nini Wajerumani hao waliupenda mji huu, wakauita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, na kutaka uwe mahali pa kukimbilia joto la pwani. Waliona hali ya hewa iliyofanana na ya kwao, wakasahau kuwa nchi ilikuwa na wenyewe. Jina hilo limekufa, na la Lushoto limebaki.

Lakini mgeni akiwa Irente asitazame chini tu. Ageuke atazame nyuma, kwenye mashamba. Ataona miteremko mikali iliyolimwa hadi karibu na vilele, na katika baadhi yake ataona mistari ya majani ya gwatemala na miti iliyopandwa kukingama na mlima, ili mvua isichukue udongo. Mistari hiyo ina habari ndefu, na tungependa kila afisa aendaye Lushoto kwa semina aisikie kutoka kwa wazee wa huko kabla hajafungua daftari lake.

Mwaka 1946 utawala wa Waingereza ulianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, ambao baadaye ulienezwa sehemu nyingine za Usambara. Nia yake ilikuwa nzuri, kwani udongo ulikuwa ukitelemka kweli. Lakini njia iliyotumika ilikuwa ya amri. Kila kaya ilitakiwa ilime matuta katika eneo lililowekwa, na aliyekaidi alishtakiwa na kutozwa faini. Kazi ilikuwa nzito, sehemu kubwa yake ikawaangukia wanawake, na watu hawakuona mavuno yakiongezeka. Zaidi ya hayo, wengi walihofu kwamba ardhi iliyokwisha kutengenezwa ingenyakuliwa. Upinzani ulienea milima yote, harakati za uhuru zikapata nguvu kwa sababu hiyo, na mnamo 1957 Serikali ya kikoloni ikaliacha jambo hilo likafa.

Miaka zaidi ya ishirini ilipita kabla ya shabaha ileile kurudi kwa sura nyingine. Tangu mwaka 1981, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi ya wakati huo, ulianza mradi uliounganisha hifadhi ya udongo na kilimo cha miti. Safari hii mkulima alionyeshwa kwamba yale majani yakingayo udongo ndiyo chakula cha ng'ombe wake aliyefungwa zizini, kwamba samadi ya ng'ombe huyo hurudi shambani, na kwamba mti uliopandwa mpakani ni kuni na mbao za kesho. Haikuwa miujiza, na si kila shamba limetengenezwa. Mmomonyoko ungalipo na miteremko mingi imebaki uchi. Lakini majani ya gwatemala yaliyosimama leo yamesimama bila ya askari, na matuta ya 1946 yalianguka pamoja na askari wake. Afisa apendaye kujua tofauti ya amri na mashauri hana haja ya kusomewa mada. Atembee tu kutoka mjini hadi Irente na kurudi.

Mahali pa pili ni soko, nalo twalipa uzito kuliko vitabu vya wageni vinavyolipa. Siku ya gulio, watu huteremka kutoka vijijini tangu alfajiri, matenga yakiwa vichwani au yakipakiwa juu ya pikipiki: karoti, kabichi, pilipili hoho, mafyulisi na mapeasi katika msimu wake. Mtu wa visiwani atazikuta hapo mbatata, ambazo wao huziita viazi tu, na tungule, ambazo wao huziita nyanya, na akiuliza kwa lugha ya kwao atachekwa kidogo kabla ya kupimiwa. Sehemu ya mboga zinazotoka katika milima hii hufika masoko ya Tanga na Dar es Salaam, na kutoka huko huvuka bahari. Mama wa Mwanakwerekwe au wa Chake Chake ambaye hulalamikia bei ya mbatata ana haki ya kulalamika, lakini ingefaa aione safari yake ilivyo ndefu na mikono inayoishika njiani ilivyo mingi.

Ataona pia lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezwa juu yake kilemba kilichoshonwa kwa kamba, na mkulima hulipwa kwa gunia moja ilhali ametoa gunia na nusu au karibu yake. Sheria ya vipimo inakataza mazao kufungashwa katika gunia lizidilo kilo 100, na viongozi wa ngazi mbalimbali wamelikemea jambo hili mara nyingi katika hotuba. Lumbesa, hata hivyo, haina masikio. Mkulima huikubali kwa sababu mzigo wake unaoza, dalali anaijua shida yake, na lori linangoja. Twasema waziwazi kwamba kukemea pasipo mizani ni kazi bure. Yawekwe masoko yenye mizani katika vijiji vinavyozalisha, palepale mazao yanapopakiwa, na mwenye gari akutwe barabarani na lumbesa aulizwe yeye, asiulizwe mkulima aliyebaki mlimani. Maofisa wapitao Soni na Mombo huyapita malori hayo kila safari. Hatuamini kwamba hawayaoni.

Tuje kwenye tarikhi. Karibu na Soni pana Vuga, iliyokuwa makao ya wafalme wa Wakilindi. Mapokeo yasema kwamba mwanzilishi wa ukoo huo, Mbegha, alikuwa mwindaji aliyetoka nchi ya Ngulu, akawagawia watu nyama, akaua simba, wakampenda na kumtawaza. Habari hizo zimehifadhiwa katika kitabu Habari za Wakilindi, kilichoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na mwanzo wa karne iliyofuata, nacho ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vikubwa vya nathari ambavyo mtu wa nchi hizi aliviandika kwa lugha hii. Shule zetu zingefanya vyema kukirudisha mikononi mwa vijana.

Mfalme aliyevuma kuliko wote, Kimweri ye Nyumbai, alifariki mwaka 1862. Katika siku zake mamlaka ya Vuga yaliteremka hadi pwani, na huko yalikutana na mamlaka ya Sayyid Said wa Unguja. Mmisionari Krapf, aliyefika Vuga mwaka 1848, alikuta hali hiyo ya pande mbili: madiwani wa baadhi ya miji ya mrima walitafuta kuthibitishwa na mfalme wa mlimani na pia na mtawala wa kisiwani. Kwa hiyo mtu wa Unguja aendaye Vuga haendi ugenini kabisa. Anakwenda kuwaona waliokuwa majirani wa dola yake, na kwa hakika washindani wake.

Baada ya kifo cha Kimweri milima iliingia vitani. Wana na wajukuu wa ukoo waligombania nchi, bunduki zikapanda kutoka pwani, na Semboja akajenga nguvu zake Mazinde, kwenye njia ya misafara, mahali palepale ambapo mgeni wa leo hupatazama kutoka Irente. Mateka wa vita hivyo waliteremshwa hadi Pangani na bandari nyingine za mrima wakauzwa, na wengi wao wakavushwa kuja kwenye mashamba ya mikarafuu ya Pemba na Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ilikoma kutambuliwa na sheria mwaka 1897. Kati ya watu wa visiwani wa leo wamo wajukuu wa waliouza, wa walionunua na wa waliouzwa, na mara nyingine wote watatu wamo katika nyumba moja. Hatulisemi hili ili kufukua kaburi. Twalisema kwa sababu tunao watoto wanaofundishwa kwamba karafuu ilistawi kwa udongo na mvua, wasiambiwe mikono iliyoipanda ilitoka wapi. Vuga haina jengo kubwa la kumshangaza mtu, na mgeni atakayetaka majumba atarudi amenuna. Ina wazee, ina mandhari, na ina jina. Saa mbili za kuketi na mzee anayejua habari hizo zina thamani kuliko siku nzima ya kuzunguka na gari.

Siku ya pili iwe ya msitu. Magamba uko juu ya mji, upande wa kaskazini, na ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2016. Huingiwa kwa ada na kwa mwongozaji. Ni sehemu ya milima iitwayo Tao la Mashariki, ambayo ukale wa misitu yake umefanya viumbe vingi vikae humo peke yao na visionekane pengine duniani. Humo wamo mbega weusi kwa weupe, wamo ndege wenye jina la Usambara, na wamo vinyonga wenye pembe. Mwaka 2006 wataalamu wa viumbe walipoona kwamba vinyonga wa milima yetu wastahili kundi lao wenyewe, walilipa kundi hilo jina la kitaalamu Kinyonga, neno letu lisilobadilishwa hata herufi. Mtu wa pwani amzoeaye kinyonga kama mdudu wa kuogopwa atashangaa kwamba wapo watu wanaovuka bahari mbili kwa ajili ya kumtazama.

Historia ya msitu huu si ya upole. Upande wa Shume, Wajerumani walifunga waya wa kubebea magogo angani, kutoka juu mlimani hadi kituo cha reli cha Mkumbara, na miti iliyochukua karne kukua ilishuka kwa dakika chache. Upasuaji mbao uliendelea baada yao. Kilichobaki leo ni kile kilichoponea.

Na kilichoponea ndicho kinacholinda maji. Mito itelemkayo kutoka Usambara Magharibi huenda pande mbili. Mmoja, Umba, hushuka kaskazini mashariki na kuingia baharini karibu na Vanga, mpakani mwa Kenya, si mbali na maji ya Pemba. Mingine, ukiwemo ule wa Soni upitao Mombo, huingia katika Mkomazi na Lwengera, nayo hujiunga na mto Pangani maeneo ya Korogwe. Chini ya hapo, juu ya mto huohuo, ipo mitambo ya umeme ya Hale ya mwaka 1964, yenye uwezo wa megawati 21, na ya Maporomoko ya Pangani ya mwaka 1995, yenye megawati 68. Mitambo hiyo huingiza umeme katika gridi ya Taifa, na tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme wake kutoka gridi hiyo kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Hatusemi kwamba kila taa ya Wete huwashwa na mvua ya Magamba, kwani gridi ina vyanzo vingi. Lakini msitu ukifyekwa na udongo ukajaa mitoni, hasara haitaishia kwa Msambaa. Mpemba aliyesimama katika ubaridi wa msitu ule, akasikia maji yakipita chini ya mizizi, hatasema tena kwamba hifadhi ya misitu ya Bara ni shauri la watu wa Bara.

Sasa neno juu ya fedha, kwa sababu matembezi ni biashara pia, na visiwa hivi vina la kusema katika hilo. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000 kutoka nje. Kila anayekaa Nungwi, Paje au Kiwengwa anajua faida iliyokuja nao, na anajua vilevile mambo ambayo takwimu hazisemi: ufuo ambao mvuvi alikuwa akipitisha ngalawa yake na sasa una ukuta, mboga za hotelini zinazotoka mbali wakati jirani ana bustani, kijana wa kijiji anayebaki mlangoni akiuza vinyago ambavyo hakuchonga yeye. Hatukatai utalii. Tunasema tumejifunza kwa gharama, na Lushoto bado inaweza kujifunza kwa kutuangalia.

Lushoto ilianza vyema. Katika miaka ya 1990, Bodi ya Utalii na shirika la Uholanzi la SNV walisaidia kuanzisha utalii wa utamaduni, na Usambara ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kuingia katika mpango huo. Mgeni hupewa mwongozaji wa palepale, hutembea kwa miguu, hula chakula cha nyumbani, na sehemu ya malipo yake hukusudiwa shughuli za kijiji. Mpango wa namna hiyo hauhitaji hoteli ya ghorofa. Wahitaji vijia vinavyopitika, waongozaji waliofunzwa na wanaotambulika, na hesabu zinazosomwa hadharani mbele ya kijiji. Hilo la mwisho ndilo lililo gumu, nasi twaliomba Halmashauri ya Wilaya ilisimamie, kwa kuwa kijiji kisichojua fedha za wageni zimekwenda wapi hakitakuwa na sababu ya kulinda kijia wala mti.

Tunaloliogopa zaidi ni ukingo wa Irente. Nyumba za wageni zimekwisha jengwa karibu nao, na mahali pazuri huvuta mwenye mtaji kama taa inavyovuta kumbikumbi. Zikiongezeka bila mpango, itafika siku mtoto wa Lushoto atalipa kiingilio ili aitazame nchi ambayo babu yake aliitazama bure. Sisi tuliona jambo hilo likitokea ufukweni, hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa na kibali chake. Wenye mamlaka ya ardhi huko wauweke ukingo huo, pamoja na njia ya kuufikia kwa miguu, kuwa wa umma, waandike hivyo katika ramani, na waweke alama ardhini kabla ya ombi linalofuata halijafika mezani.

Kwa waandaaji wa semina, ombi letu ni dogo. Katika ratiba ya siku tatu itolewe nusu siku, na nusu siku hiyo isiwe ya kupanda gari la ofisi hadi Irente. Washiriki wagawanywe makundi, kila kundi lipewe mwongozaji wa kijijini alipwe kwa haki yake, wengine waende sokoni na mizani mkononi, wengine wakae na wazee wa Vuga, wengine wapande Magamba. Posho za washiriki hazitapungua kwa hilo, na huenda majadiliano ya alasiri yakawa na watu walio macho.

Na kwa msafiri wa kawaida, mambo machache ya njiani. Lugha si tatizo, ingawa atasikia Kisambaa zaidi ya Kiswahili mara atokapo mjini, na akijifunza salamu zao za asubuhi na za jioni atafunguliwa milango. Misikiti ipo na makanisa yapo, mara nyingi kwa kuonana. Chakula kipo, na makande ya huko yasikataliwe kwa sababu ya jina. Viatu viwe vya kukanyagia utelezi. Asipige picha ya mtu akiwa shambani bila kumwomba. Huyo yuko kazini. Mabasi ya Dar es Salaam huondoka mapema asubuhi, kwa hiyo tikiti yafaa kukatwa siku iliyotangulia, na asiyepata nafasi anaweza kushuka Mombo kwa gari dogo akangoje mabasi yapitayo barabara kuu. Akishuka hivyo asimame Soni, aone maporomoko ya maji yaliyo karibu kabisa na barabara, na anunue matunda hapo badala ya kuyangojea Mombo, ambako bei imekwisha panda nayo yamekwisha pigwa jua. Mafyulisi hayastahimili safari ya chombo yakiwa chini ya mizigo. Wenye kujua huyabeba mapajani.